Jibu: Babu alizama 1944, maua niweke wapi?

Salaam ndugu. Umesema babu yako, askari wa mizinga, alizama na meli ya Khedive Ismail Februari 1944, na kaburi hana. Usihangaike na sanamu za askari za Kenyatta Avenue, Nairobi. Zile ni za Vita vya Kwanza, tena hazina majina. Nenda makaburi ya vita, Ngong Road. Ukumbusho wa Afrika Mashariki uko pale pale, na askari wa meli ile wameandikwa.

Ila kwanza pekua barua za zamani upate namba yake ya jeshi. Sisi tulimtafuta wetu kwa jina kwenye tovuti ya CWGC, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita, tukachoka. Karani aliandika alivyosikia! Namba ndiyo iliyomtoa.