Muulize Fundi: pikipiki imenitia aibu

Tuliwaomba mtutumie vituko vyenu vya pikipiki, vya barabarani na vya kwenye spana, mkaleta mpaka tukakosa pa kuviweka. Majina tumeyaficha kama mlivyoomba. Fundi kachagua vile ambavyo ndani yake kuna kitu cha kurekebisha, vingine tumecheka tu tukaviacha.

Swali: Fundi shikamoo. Natoka kazini nakuta wenzangu wote wamesimama getini, napiga kiki, napiga kiki, jasho linatiririka, mmoja akaja kunisukuma, tumesukumana mpaka kule kwenye kona bado haiwaki, akapita mtoto wa shule akatuangalia akasema anko mbona hiyo nyekundu imezimwa. Jamani! Sasa kinachonitia wasiwasi ni kwamba hata baada ya kuiwasha hiyo swichi pikipiki iligoma muda mrefu sana. Ndo nimeiua? – Natamani kuhama

Fundi: Marahaba mwanangu, hujaiua. Hiyo swichi inakata umeme wa plagi, ila kwenye pikipiki ya kabureta haikati mafuta, kwa hiyo kila kiki ulikuwa unavuta petroli ndani na hakuna cha kuichoma, plagi ikalowa, na plagi iliyolowa haiwashi kitu hata umeme ukirudi. Ikitokea tena funga koki, zima choki, fungua resi mpaka mwisho halafu piga kiki kadhaa hewa ipite ikaushe. Ikigoma fungua plagi uifute uiache ikauke, na tafadhali usiende kujaribu cheche pale pale kwenye tundu huku petroli inafuka, kuna watu wamebaki bila nyusi.

Halafu kabla hujamwita mtu akusukume pitisha mkono kwanza, swichi, koki, nyutro, stendi. Stendi nayo ina mambo yake, pikipiki nyingi za siku hizi zina swichi pale, ukiingiza gia stendi ikiwa chini injini inazima palepale, mtu anadhani ni ugonjwa, anabadilisha plagi, anabadilisha koili, anakuja kwangu na mfuko wa vipuri vizima kabisa.

Swali: Mi nimeanguka nikiwa nimesimama. Yaani nilikuwa naingia kuegesha, naenda taratibu kuliko mtu anayetembea, nikakata kona nikashika breki ya mbele, hiyoo, chini. Nikainuka haraka nikaivuta juu kabla watu hawajaona, ikaangukia upande wa pili. Mgongo bado unauma. – Pande zote mbili

Fundi: Pole mdogo wangu, ila hiyo ya upande wa pili nimecheka.

Ukishika breki ya mbele uzito wote unakimbilia mbele na shokapu zinazama, usukani ukiwa umenyooka hakuna tabu, ukiwa umepinda basi ule uzito unakuvutia kule ulikopinda, na kwa mwendo mdogo gurudumu halina nguvu ya kukunyanyua. Kwenye mwendo wa kutembea tumia breki ya nyuma, klachi iwe nusu, na usukani uunyooshe kabla hujasimama kabisa.

Sasa kuinua, maana hapa ndo watu wanaumia kwa sababu ya kukimbizana na aibu. Tulia. Walioona wameshaona. Zima injini, funga koki kama ipo, ingiza gia ili isibingirike. Kama imelalia kulia teremsha kwanza stendi ya pembeni ikiwa bado iko chini, ukiinyanyua ikazidi itaegemea stendi badala ya kukufanyia ile ya pili. Kisha ipe mgongo, makalio kwenye ukingo wa siti, chuchumaa, mkono mmoja ushike mshikio wa chini, mwingine ushike fremu au chuma cha kubebea mzigo, halafu sukuma kwa miguu ukirudi nyuma kidogo kidogo. Mgongo usiupinde, kazi ni ya mapaja. Ikishasimama angalia petroli haivuji, lever ya breki haijapinda, resi inarudi yenyewe ukiiachia. Kama ililala muda mrefu angalia na boksi la hewa, oili huwa inapanda mpaka kwenye filta.

Swali: Fundi, breki ya nyuma ilikuwa inalia kila nikishika, kelele mpaka watu wanageuka, nikaona dawa ni kulainisha, siku napuliza oili ya cheni nikapuliza na kwenye diski. Kelele imeisha kweli. Na breki imeisha. Halafu kwa vile nilishaanza nikabadilisha na pedi za mbele mwenyewe, nikazisukuma zile pistoni ndani vizuri kabisa, nikafunga, nikawasha nikatoka, navuta lever inakuja mpaka kwenye mshikio. Namshukuru Mungu kulikuwa na ua wa majirani. – Ua sasa una tundu

Fundi: Hii mi sicheki. Ukisahau swichi unatoka jasho tu, ila huyu kafanya vitu viwili ambavyo vinaua, na kwa jinsi barua zenu zilivyo hayuko peke yake, tofauti ni kwamba wengine mmeniomba nisizichape.

Breki inafanya kazi kwa msuguano, ukiweka mafuta umeuondoa huo msuguano, hakuna namna ya katikati. Pedi zilizokunywa oili usizichome moto wala usizisugue msasa ukadhani zimepona, oili imeshaingia ndani, tupa weka mpya. Diski yenyewe inapona, isafishe kwa dawa ya kusafishia breki au spiriti kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kitoke cheupe. Na kelele mara nyingi ni vumbi, pedi zimeisha zimefika chuma, au pini za kalipa, kile chuma kinachoshika pedi na pistoni, zimekauka. Hizo pini ndizo zinazotaka grisi, grisi yake maalum na kidogo tu, wala isifike kwenye uso wa pedi.

La pili. Ulipozisukuma pistoni ndani ulitengeneza nafasi kati ya pedi na diski, ukivuta lever mara ya kwanza mafuta ya breki yanaenda kuziba hiyo nafasi tu, hakuna kinachobana. Unatakiwa upampu lever pikipiki ikiwa imesimama, tena na tena, mpaka uisikie imekuwa ngumu mkononi, ndo uwashe. Kisha nenda pole pole kwanza, pedi mpya hazishiki vizuri mpaka zizoeane na diski. Na siku ukitoa kalipa usiruhusu mtu aguse lever, mtoto akivuta pistoni inatoka nje na mafuta yanamwagika, na yale ya DOT 3 na DOT 4 yakigusa rangi ya tanki yanaibabua, osha kwa maji mengi hapo hapo. Weka kipande cha mbao katikati ya pedi ukae kwa amani.

Ah, na kuna aliyeuliza kama pedi zina mbele na nyuma. Zina. Upande wa chuma hauangalii diski. Usiulize kwa nini nimeandika.

Swali: Nilikuwa namwaga oili, wakati wa kurudisha ile bolti ya chini nikakaza, nikasema ngoja niongeze kidogo isije ikavuja, ikalia krak, sasa inazunguka tu haikazi. Rafiki yangu anasema nizungushie ile tepu ya mabomba. – Kidogo tu

Fundi: Mwambie rafiki yako abaki kwenye mabomba. Bolti ni ya chuma, mahali inapoingia ni aluminiamu, mkishindana bolti haishindwi, zinakatika nyuzi za ndani. Injini nyingi hiyo bolti inataka kama Nm 20 hadi 30 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kitabu cha pikipiki yako kitakwambia kamili, na hiyo ni nguvu ndogo kuliko mnavyodhani, spana fupi na mkono mmoja. Kinachozuia kuvuja ni washa, si nguvu zako, weka mpya kila ukimwaga oili. Sasa peleka kwa mtu mwenye vifaa akutengenezee nyuzi mpya kwa helikoili, ile springi ya chuma inayowekwa ndani ya tundu kuwa nyuzi mpya, na ahakikishe vumbi la chuma halibaki ndani. Usiiendeshe hivyo, ikidondoka njiani oili yote inaishia kwenye tairi la nyuma.

Na ukijaza angalia kopo limeandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Klachi za pikipiki nyingi zinaogelea kwenye oili ya injini, na baadhi ya oili za magari zina vilainishi vinavyoifanya iteleze, injini inapiga kelele na pikipiki haiendi.

Swali: Kioo cha kulia nimekizungusha mpaka kimekatika. Ya kushoto ilifunguka vizuri. – Mkono wa chuma

Fundi: Yamaha hiyo? Yamaha nyingi kioo cha kulia nyuzi zake zimegeuzwa, unafungulia kulia. Kikigongwa na kitu kutoka mbele kinalegea badala ya kuvunjika. Wewe umekivunja mwenyewe.

Swali: Nimefunga injini, inawaka, inaenda, imebaki nati moja na bolti mbili. Niziweke wapi? – Zimebaki

Fundi: Kwenye kopo, na pikipiki uiegeshe. Chukua bolti utafute tundu tupu lenye upana huo, anza na kalipa, ekseli na sproketi kabla hujaenda kwenye makava. Na siku nyingine piga picha kwa simu kila unapofungua kitu.