Chawa wa sululu hawaanguki kwenye karatasi

SWALI: Tunapovisha ndege wa pwani pete za utambulisho, tunawapaka unga wa pareto, unaoua wadudu, na kuwapukuta juu ya karatasi nyeupe ili chawa waanguke. Vitwitwi, ndege wadogo wa pwani, hutoa chawa, lakini wengi wa sululu, wale wakubwa wenye mdomo mrefu uliopinda, hawatoi hata mmoja, ingawa mirija ya manyoya yao ya bawa ina vidoa vyeusi. Tunakosea wapi? Na chawa tuwahifadhi vipi kwa kupima DNA?

JIBU: Vidoa hivyo ndio jibu lenyewe. Ni chawa, pamoja na kinyesi chao na magamba waliyojivua. Chawa wa sululu aitwaye Actornithophilus patellatus huingia ndani ya mrija wa unyoya mkubwa wa bawa na kula kiini kikavu kilichomo. Unga haumfikii. Tafuta unyoya uliodondoka wenyewe au wa ndege aliyekufa, upasue mrija kwa urefu kwa wembe, kisha umtoe chawa kwa brashi iliyolowa ethanoli (spiriti). Usimng'oe ndege hai unyoya wa kurukia. Bado ana safari ndefu ya kaskazini kwenda kuzaliana.

Kwa chawa wengine pareto inafaa, tena tunalima wenyewe. Quadraceps, mwembamba na mrefu, hujibana kwenye manyoya ya bawa. Saemundssonia, mnene, hukaa kichwani na shingoni, mahali ambapo mdomo wa ndege haufiki. Unga usikaribie macho wala pua, kwa hiyo kichwa kipekue kwa kibano. Kwingineko upenyeze hadi kwenye ngozi, subiri dakika chache, pukuta dakika moja, hesabu, rudia. Muda uwe uleule kwa kila ndege, la sivyo hesabu hazilinganishiki. Hata hivyo baadhi watabaki mwilini, basi usiandike "hana chawa"; andika "hakuna walioanguka".

Kinachoharibu sampuli zaidi ni mfuko mmoja kutiwa ndege wawili. Chawa huhama humo, nawe utamwandika wa kitwitwi kuwa wa sululu. Kila ndege apate mfuko uliofuliwa na karatasi mpya, na kibano kifutwe kila mara.

Hifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 95, kichupa kimoja kwa ndege mmoja, kisha friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Lebo iandikwe kwa penseli na itiwe ndani, maana wino wa kalamu huyeyuka. Formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, usiiguse, huharibu DNA. Iombe maabara, inapotoa DNA, itoboe mwili wa chawa badala ya kuusaga: ganda likibaki zima, linawekwa kwenye kioo cha hadubini na spishi inathibitishwa kwa chawa yuleyule aliyepimwa.