Oili ya giaboksi ya CVT: usikubali kuambiwa haibadilishwi

Hapa Kampala gari likishajulikana kuwa ni la CVT, yaani otomatiki ya puli na mkanda badala ya gia za hatua, watu hulikosoa kabla hata boneti haijafunguliwa. "Hiyo giaboksi ni ya kutupa," utaambiwa. "Ikifa imekufa." Mimi naendesha Nissan X-Trail ya CVT, natoka nayo Kireka kwenda mjini, na likizo ikifika narudi nayo kwetu Arua. Mke wangu ana Toyota Premio, nayo ni CVT. Nimekaa sana gereji, nimezitazama zikifunguliwa, na ninachokiamini ni hiki: giaboksi nyingi za aina hii zinakufa kwa sababu ya oili. Ama imechakaa, ama si yake, ama imetiwa bila kupimwa.

Sisemi kwamba watengenezaji hawakuwahi kukosea. CVT za mwanzo za Nissan zilisumbua wateja kiasi kwamba kule Marekani kampuni iliongeza dhamana ya giaboksi kwa magari ya miaka ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Lakini gari unaloendesha ndilo ulilo nalo. Huwezi kubadilisha lilivyoundwa, oili unaweza.

Ndani ya giaboksi hii hakuna gia namba moja, mbili wala tatu. Kuna puli mbili, na kila moja ina pande mbili zenye umbo la koni zinazosogeleana na kuachana. Katikati unapita mkanda wa chuma. Puli ikibana, mkanda hupanda kuelekea ukingoni. Ikiachia, huzama kuelekea katikati. Hivyo ndivyo gari linavyoongeza mwendo bila ule mshtuko wa kubadili gia. Waholanzi wa DAF walionyesha gari la namna hii mwaka 1958, lenye mikanda ya mpira. Siku hizi mkanda ni mamia ya vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kwenye pete za chuma, na Subaru, kuanzia Legacy ya 2009, wanatumia mnyororo.

Sasa fikiria kazi ya oili hapo. Chuma kinashika chuma, na injini nzima inasukuma gari kupitia mshiko huo. Oili inatakiwa izuie chuma kulika, na papo hapo isiache mkanda uteleze. Tena ndiyo inayobeba shinikizo la kubana puli, na ndiyo inayoondoa joto. Ikichoka, viungo vyake vya kemikali huvunjika, vumbi la chuma hujaa ndani yake, vali ndogo huanza kukwama na shinikizo huyumba. Mkanda ukiteleza mara moja tu huacha mchubuko kwenye puli, na mchubuko huo huzaa vumbi jingine. Kuanzia hapo uharibifu unajilisha wenyewe.

Ndiyo maana sikubali maneno ya "oili ya maisha", eti haibadilishwi hadi gari life. Sheria yetu ya 2018 inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, maana yake gari la miaka 12 au 13 linaweza kufika kwenye bondi, yadi ya kuuzia magari yaliyoagizwa, kihalali kabisa, na ndani ya giaboksi bado ipo oili ileile ya kiwandani. Baadhi ya magari ya Japani yana stika kwenye nguzo ya mlango inayoonyesha oili ilibadilishwa lini. Mtafute anayejua kuisoma. Usipoona ushahidi wowote, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa.

Vitabu vya magari huwa na ratiba mbili, ya matumizi ya kawaida na ya hali ngumu. Sisi ni hali ngumu, tusijidanganye. Foleni ya Jinja Road kuanzia Nakawa, gari linasogea hatua moja na kusimama. Vilima vya Muyenga na Mutungo. Kisha safari ya Arua: ukishavuka Karuma unateremka kuelekea bonde la Nile, na Pakwach joto lake si la Kampala, nawe umepakia abiria, magunia na mitungi. Kwa matumizi hayo mimi hubadilisha kila kilomita 40,000. Gari ambalo maisha yake yote ni foleni za mjini ningelibadilishia kwenye 30,000, na sioni kama ni ubadhirifu.

Juu ya aina ya oili sina mjadala na mtu. Fundi mmoja aliwahi kunijia na kopo la ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, akaniambia, "Kaka, oili za otomatiki zote ni moja." Nikamjibu, "Fundi wangu, kazi yako naiheshimu, lakini hiyo haiingii humu." ATF imetengenezwa kwa giaboksi zenye klachi na gia za kawaida, mshiko wa mkanda juu ya puli haikuukusudia. Nissan wana NS-2 kwa magari ya zamani zaidi na NS-3 kwa yaliyofuata. Toyota wana TC na baadaye FE. Honda walikuwa na HMMF, sasa HCF-2. Mitsubishi wana J1 na J4. Angalia kitabu cha gari, au maandishi ya kijiti cha oili kama kipo, au mpe muuza spea namba ya chasisi akutafutie. Usichague kwa rangi. Rangi ni ya kutiwa, na kila kampuni hutia yake.

Kuna mtego mwingine hapa. Toyota za haibridi kama Prius na Aqua huitwa CVT pia, lakini hazina mkanda. Zinatumia gia na mota za umeme, na oili yake ni ATF WS. Honda Fit haibridi iliyotoka 2013 ni ya klachi mbili, si CVT kabisa. Jina lililoandikwa nyuma ya gari lisikutoshe.

Kazi yenyewe naomba uisimamie mwenyewe, hata kama hutashika spana. Gari liwe mahali tambarare, juu ya shimo au lifti. Oili ikitoka, ikusanyeni kwenye chombo mjue zimetoka lita ngapi. Kwenye X-Trail yangu hutoka kama nusu ya oili yote. Nusu nyingine hubaki kwenye tokikonveta (kiungo kati ya injini na giaboksi), kwenye mabomba na kwenye kipoza oili. Inuse. Harufu ya kuungua ni habari mbaya. Itazame juani: nyeusi ya uzee si ajabu, ila ikimetameta kama imechanganywa na unga wa fedha, kaa chini na fundi mzungumze kabla ya kuendelea.

Kisha sampu, yaani sinia la oili chini ya giaboksi, ishuke. Wengi hufungua nati ya kumwagia tu, wakatia oili mpya, wakamaliza. Hiyo ni nusu kazi. Ndani ya sampu kuna sumaku, na sumaku ndiyo cheti cha afya ya giaboksi. Ukikuta tope laini la kijivu, hiyo ni kawaida ya chuma kusuguana. Ukikuta chembe unazoweza kuzishika kwa vidole, au vipande vyenye ncha, mkanda au puli vimeumia. Safisheni sumaku kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, hadi ing'are, kwa sababu sumaku iliyojaa haikamati tena.

Filta ya kwanza iko hapohapo, juu ya sampu, nayo ni ya wavu. Baadhi ya mafundi huiosha na kuirudisha. Mimi hubadilisha, pamoja na gasketi ya sampu. Filta ya pili ndiyo inayosahaulika. CVT nyingi za kampuni ya Jatco, ambazo ndizo ziko kwenye Nissan zetu, zina filta ndogo ya karatasi kwenye njia ya oili iendayo kupozwa. Kwenye X-Trail ya toleo la T31 na Dualis imejificha nyuma ya kipoza oili, kwa hiyo hicho kipoza lazima kifunguliwe. Kwenye Juke yenye injini ya kawaida isiyo na tabo iko chini ya kifuniko kidogo ubavuni mwa giaboksi. Ikiziba, oili haipozwi inavyopaswa, na joto ndilo adui mkubwa kuliko wote. Fundi akisema haipo, muulize kwa upole ameitafuta wapi. Inunue pamoja na oringi zake kabla gari halijainuliwa, ili pasiwe na sababu ya kurudisha kuukuu. Boliti za sampu nazo ni ndogo; zikazwe kwa msalaba, kwa nguvu kidogo, maana giaboksi ni ya aluminiamu na nyuzi zake hukatika upesi.

Sasa inakuja sehemu ambayo kazi nyingi nzuri huharibikia: kipimo. Tieni kwanza kiasi kilekile kilichotoka, pamoja na kilichopungua kwa filta mpya. Washeni injini, mguu kwenye breki, peleka gia polepole P, R, N, D na urudi, kila mahali sekunde chache. Baada ya hapo kiwango kinapimwa oili ikiwa kwenye joto maalumu, kwa sababu oili hutanuka. Nissan zenye kijiti hupimwa oili ikiwa kati ya nyuzi joto 50 na 80 za Selsiasi. Zisizo na kijiti zina nati ya kufurika, inayofunguliwa ili oili iliyozidi itoke, na kila giaboksi ina joto lake. Lisomwe kwa kompyuta ya kupimia, si kwa kugusa sampu kwa mkono. Ikifurika kama mfereji bado imezidi. Ikidondoka nyembamba, fungeni. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa. Ikizidi, hupigwapigwa ikafanya povu, na povu halibani puli.

Kompyuta hiyohiyo kwenye Nissan huonyesha hesabu ya uchakavu wa oili. Mwongozo wa mafundi wa Nissan unasema ikizidi 210,000 oili ibadilishwe. Hiyo namba si kilomita. Gari huihesabu kwa jinsi oili ilivyopata joto. Mkishabadilisha, irudisheni kwenye sifuri, la sivyo safari ijayo hamtajua mko wapi.

Kama gari ni jipya kwako na oili imechakaa sana, usikubali isukumwe kwa mashine ya shinikizo. Uchafu uliotulia unaweza kung'oka ukakwama kwenye vali. Mimi hupendelea kumwaga na kutia, kuendesha kwa wiki chache, kisha kurudia. Kama nusu hutoka kila mara, baada ya mara ya kwanza nusu ni ya zamani, ya pili inabaki robo, ya tatu ni kama asilimia 12. Sampu na filta zifunguliwe mara moja tu kati ya hizo.

Lakini oili mpya haiponyi puli iliyochubuka. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda na mwendo, au gari linatetemeka linapotoka taratibu, au mizunguko ya injini inapaa na gari halipai, pima kwanza kwa kompyuta. Mara nyingine kutetemeka huisha kwa oili sahihi, na nimeliona hilo kwa macho yangu. Mlio wa beringi hauishi.

Bado kuna mambo mawili yanayoua CVT hapa kwetu bila kujali oili yako ni mpya kiasi gani. La kwanza ni maji. Mvua ikinyesha na Bwaise au Clock Tower ikafurika, maji yanaweza kuingia kupitia tundu la kupumulia la giaboksi. Kama gari lilizama hadi hapo, usiliwashe kulijaribu. Mwageni oili muione. Ikiwa kama maziwa, ibadilishwe yote, tena na tena hadi itoke safi. La pili ni kuvutwa. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya giaboksi haizunguki, kwa hiyo magurudumu ya mbele yakiburutwa barabarani mkanda na puli vinazunguka bila oili yenye shinikizo. Mwambie mwenye brekidauni anyanyue mbele. Kama gari ni la kuvuta magurudumu yote, kama ilivyo kwa Subaru nyingi, lipandishwe lote juu ya lori, hata kama safari ni ya kutoka Banda hadi Kireka tu.