Kamera haikuona vidonda, mbona tumbo bado linasumbua?

SWALI: Shikamooni. Kwa miezi minane sasa, nikila kidogo tu tumbo linajaa, nacheua, na chembe cha moyo kinawaka moto. Nimepimwa kwa kamera, hakuna vidonda. Natumia omeprazoli ya kupunguza asidi, na diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Tatizo ni nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Wa kwanza kushukiwa ni hiyo diklofenaki. Yenyewe na ndugu zake, ibuprofeni na aspirini, huchokoza tumbo hata pasipo kidonda. Mwombe daktari akubadilishie. Parasetamoli ni pole zaidi.

Pili, uliza kama siku ya kamera ulipimwa bakteria aina ya H. pylori, maana huweza kuleta dalili hizo bila kidonda. Kama hukupimwa, pima choo. Hapa ndipo wengi hukosea: omeprazoli huwafifisha bakteria hao, kipimo kikasema hawapo kumbe wapo. Iache wiki 2 kabla ya kupima, na antibiotiki wiki 4. Kiungulia kikikuzidi katika siku hizo, tafuna vidonge vya magnesiamu vya kutuliza asidi. Kipimo cha damu hakifai sana, kwani kingamwili (kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria) hubaki muda mrefu hata kwa aliyekwisha kupona. Bakteria wakionekana, dawa kwa kawaida ni za siku 14, na zimalizwe.

Wasipoonekana, huenda tumbo lenyewe ndilo halifanyi kazi sawasawa: sehemu ya juu hailegei kupokea chakula, na mishipa ya fahamu huhisi kupita kiasi. Wengi ambao kamera haikuona kitu wako hapa, na si ugonjwa wa kujitungia. Kula kidogo kidogo mara 4 au 5 kwa siku. Punguza chipsi na maandazi, kwani mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni. Ukirudishiwa omeprazoli, inywe nusu saa kabla ya kifungua kinywa, si baada yake.

Maumivu ya chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wa mafuta yanahitaji ultrasaundi ya nyongo. Gesi na kuhara baada ya chai ya maziwa? Acha maziwa wiki 2 uone.

Ukikonda bila sababu, ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami (vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya cheusi) au chakula kikikwama kooni, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na chembe kikibana unapopanda ngazi, kikaachia ukipumzika, omba kupimwa moyo.