Jibu: Ngozi inawasha nikitoka kuogelea Shela
Waalaikum salaam ndugu yangu. Unasema miguu inakauka na kuwasha kila utokapo baharini, na mchubuko wa kisigino haujapona wiki 2.

Kwanza angalia maji unayojisuuza. Mimi nilikuwa najimwagia ya kisima cha nyumbani, kumbe nayo yana chumvi! Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Ikikaukia mwilini hunyonya unyevu wa ngozi, utaona ungaunga mweupe kwenye vinyweleo. Nilipopata maji baridi (yasiyo na chumvi) ya bomba, nikajipaka mafuta ya nazi kabla sijakauka vizuri, muwasho ukaisha.

Mchubuko usiutie baharini, hata wazee wakisema maji ya chumvi huponya kidonda. Mna bakteria mle. Wiki 2 ni nyingi, uonyeshe hospitali, hasa kama una sukari.