Usikubali kupigiwa Windows upya kwa sababu ya ekstensheni

Juzi kaka mmoja wa Moshi ameniandikia WhatsApp: "Dada, shikamoo. Nikitafuta kitu Google napelekwa Yahoo. Narekebisha kwenye mipangilio, nikizima kompyuta na kuwasha inarudi vilevile. Fundi anasema apige Windows upya. Nimpe?"

Marahaba kaka, usimpe. Naandika kwa urefu kwa sababu jambo hili lilinigharimu, na mpaka leo linaniuma.

Nina steshenari Mbauda, hapa Arusha. Msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, vijana wanajaa mpaka barazani. Ni msimu kama huo kompyuta ya mbele, ile ya wateja, ilipoanza visa. Binti anaandika "mkopo HESLB", kwenye sehemu ya anwani linapita jina la ajabu, kufumba na kufumbua yuko Yahoo, na juu kote ni matangazo. Mmoja alishafika kwenye ukurasa unaomdai hela ya fomu, nikamzuia. Anwani yenyewe haikuishia na go.tz ya serikali.

Nikaita fundi anayesifiwa mjini. Hakufungua hata kivinjari. Akasema ni virusi, akapiga Windows upya, akachukua chake akaondoka. Mafaili yote ya wateja yakapotea: CV, barua za maombi, picha za pasipoti, mitihani ya walimu. Lawama zikanishukia mimi. Nilipoingia tu kwenye akaunti yangu ya Chrome, Yahoo hiyo hapo tena!

Nikafunga duka, nikakaa na mashine ile hadi nikaielewa. Leo wenye maduka jirani wananiletea mimi kompyuta zao, na sijapoteza faili la mtu.

Nilichokuta ni ekstensheni, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, ya kugeuza PDF kuwa Word; mteja aliiweka akiwa na haraka zake. Ilikuwa imeshikamana na akaunti, kwa hiyo kila nilipoingia, Chrome iliirudisha pamoja na alamisho zangu (bookmarks) na nywila. Fundi alifuta kompyuta nzima, mwizi akabaki kwenye akaunti. Na Yahoo wala hakuwa mwizi. Utafutaji wako unapitishwa kwanza kwenye anwani ya katikati, mwenye anwani anapata mgao wa hela ya matangazo, kisha unasukumwa Yahoo au Bing ili uone kama kawaida. Wewe unaumia, yeye analipwa.

Ndiyo maana kubadilisha injini ya utafutaji peke yake hakusaidii. Ni kama kukata ndago juu ukaacha kiazi chini. Kwenye sehemu ya anwani andika chrome://extensions (Edge ni edge://extensions, Firefox ni about:addons) na uondoe kila usichokijua. Hujui ni ipi? Nenda kwenye mipangilio ya injini ya utafutaji. Mara nyingi Chrome inakuandikia pale pale jina la ekstensheni inayoidhibiti. Ondoa, kisha ndipo urudishe Google. Fanya hivyo kwenye kila kompyuta uliyoingia kwa akaunti hiyo, hata ya nyumbani. Narudia: ondoa kwanza, badilisha baadaye.

Pagumu ni pale unapokuta kitufe cha kuondoa hakifanyi kazi na Chrome inasema inasimamiwa na shirika lako, wakati kompyuta ni yako binafsi. Hapo kuna programu iliyoingia kwenye Windows yenyewe na kuandika sera, yaani amri ambazo Chrome inalazimika kuzifuata. Andika chrome://policy uione, ondoa programu ngeni kwenye Control Panel, halafu ufute kilichobaki kwenye rejista ya Windows (fungua regedit), chini ya Software\Policies\Google\Chrome. Kama kompyuta ni ya ofisi, usiguse, mwite mtu wa IT.

Ndugu zangu, tuache tabia ya kubonyeza "ongeza" kila tunapoulizwa. Ekstensheni inapoomba kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote, inaomba kuona barua pepe yako na kila unachoandika. Word yenyewe inafungua PDF tangu toleo la 2013. Ya nini kumkaribisha mgeni? Hata iliyo nzuri leo si ya kuaminiwa milele. The Great Suspender, ekstensheni ya Chrome ya kulaza tabo usizotumia, ilipendwa na watu zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2020 mwenyewe akaiuza, na Februari 2021 Google wakaiondoa kwa sababu ilikuwa na programu hasidi. Kwa hiyo kagua orodha yako mara kwa mara, na usichokitumia kitoke. Usiseme huna muda. Muda wa kulalamika bando linakwisha unao.

Na wenye steshenari wenzangu, wa Ngarenaro, wa Sakina, wa Moshi mjini: mteja asikae kwenye akaunti yako. Bonyeza picha ya wasifu juu kulia kwenye Chrome, fungua dirisha la mgeni, mpe hilo. Humo ekstensheni hazifanyi kazi, na akishafunga, historia yake na akaunti alizoingia zinafutika. Akaunti ya binti wa watu haibaki wazi kwenye mashine yako, na takataka za mteja hazikufuati nyumbani.