Swichi ya HDMI haipimwi kwa laptopu moja

Wadogo zangu wa benchi, naandika kwa sababu ubao mwingine wa swichi ya HDMI, kifaa cha kuchagua laptopu ipi ionekane kwenye skrini moja, umeletwa ukiwa na ugonjwa uleule. Njia za picha zimechorwa vizuri hadi unapenda kuzitazama: jozi za TMDS, yaani waya zinazobeba picha, zina urefu sawa na ohmu 100 zimezingatiwa. Lakini laini ndogo za pini ya 13 hadi ya 19 zimerundikwa pamoja kana kwamba hazina kazi. Nawapenda, na kwa hili mnanichosha. Swichi nyingi ninazozifungua zimefia kwenye laini hizo ndogo, na picha yenyewe haina kosa lolote.

1. Pima swichi milango yote ikiwa imechomekwa.

Kijana mmoja wa karakana yetu, mchapakazi kwelikweli, ameniruhusu nieleze yaliyompata mradi nisimtaje jina. Alitengeneza swichi ya milango miwili kwa ajili ya ukumbi wa mikutano. Data alizipitisha kwenye chipu ya kubadilishia, sawasawa na datashiti (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji). Alipofika pini ya 18 ya kila mlango, inayoleta volti 5 kutoka kwenye laptopu, akajiuliza: hii ni volti 5 na ile ni volti 5, tofauti iko wapi? Akaziunga. Chipu yake ilikuwa ya TMDS tu, kwa hiyo pini za 15 na 16, yaani DDC, waya ambazo laptopu husomea EDID (orodha ya picha ambazo skrini inaziweza), za milango yote miwili akazipeleka moja kwa moja kwenye soketi ya kutokea. Pini ya 19, yaani HPD, waya ambao skrini hutumia kuiarifu laptopu kwamba ipo, nayo akaifanya vivyo hivyo.

Akachomeka laptopu mlango wa kwanza, picha safi. Akaihamishia mlango wa pili, picha safi. Akafunga kasha, akakabidhi kazi.

Siku ya mkutano zikachomekwa laptopu mbili. Mtoa mada wa kwanza akamaliza salama. Wa pili alipobonyeza kitufe, maandishi yakatokea makubwa kupita kiasi, 640 kwa 480, kisha skrini ikawa nyeusi. Kijana akabadilisha kebo. Akaomba projekta nyingine. Akazima laptopu na kuiwasha tena huku ukumbi mzima ukimtazama mgongoni. Kila alichokishika kilikuwa kizima, na ndiyo maana alizidi kuchanganyikiwa. Anasema jasho lilikuwa linadondokea kwenye kibodi ya mgeni.

Kesho yake, bila kuchomeka chochote, tuliweka mita kwenye mlio, ambayo hulia pini mbili zikiwa zimeunganika: ncha moja pini ya 18 ya soketi ya kwanza, ncha nyingine pini ya 18 ya soketi ya pili. Ikalia. Tukapima 15 kwa 15, ikalia. 16 kwa 16, ikalia. 19 kwa 19, ikalia. Akakaa chini.

Tazameni kilichokuwa kinatokea. Projekta hupandisha HPD kutokana na volti 5 inazopokea. Volti za laptopu mbili zikishaungwa, HPD haishuki hata ubonyeze kitufe mara ngapi, hivyo laptopu ya pili haipati taarifa kwamba sasa ni zamu yake kusoma EDID upya. Na laptopu zote mbili zikisoma kwa wakati mmoja kwenye waya mmoja, baiti zinagongana. Kipande kimoja cha EDID kina baiti 128, na ya mwisho huwekwa ili jumla ya zote igawanyike kwa 256 bila kubaki kitu. Jumla ikikataa, laptopu haiamini ilichosoma, inakimbilia picha ndogo ya usalama. Kwenye swichi kukiwa na laptopu moja tu hakuna wa kugongana naye, ndiyo maana benchini kila kitu kilipita.

Tulitibu kwa diodi ya Schottky, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye kila pini ya 18, chipu ndogo ya kuhamisha DDC, na transista ya kushusha HPD ya kila mlango peke yake. Gharama ya vipande hivyo haikufika nauli ya kwenda na kurudi ukumbini.

Kwa hiyo chomeka zote. Kisha zima moja, chomoa kebo yake na upime pini ya 18 kwenye soketi yake wakati nyingine inafanya kazi. Ukiona volti 5 pale, usifunge kasha.

2. Kuhama kuna utaratibu. Shusha HPD, kata DDC ya zamani, hamisha TMDS, unga DDC mpya, ndipo upandishe HPD. HPD ikae chini angalau milisekunde 100, la sivyo baadhi ya laptopu hazitagundua kwamba kuna kilichobadilika. Kata kabla ya kuunga, kila mara.

3. Hesabu pini kutoka upande ule datashiti inaouonyesha. Mchoro wa soketi ukitazamwa kutoka mbele halafu ukachorwa kwenye ubao kama unatazamwa kutoka nyuma, pini zinageuka: 1 inakuwa 19, 2 inakuwa 18. Pini ya 2 ni ya ardhi. Umeshapeleka volti 5 za laptopu ya mteja kwenye ardhi, yaani shoti. Pini ya 10 pekee hubaki mahali pake, nayo ndiyo iliyomdanganya mwanafunzi mmoja wa mafunzo: alipima hiyo tu, akaikuta sawa, akaagiza mbao zote. Pima pini ya 1, ya 18 na ya 19 kwenye karatasi iliyochapwa kwa ukubwa halisi, soketi ikiwa juu yake.

4. Usiendeshe swichi nzima kwa pini ya 18, maana chanzo kinalazimika kutoa miliampea 55 tu. Usigeuze chanya na hasi za jozi ili kurahisisha uchoraji ukitegemea kipokezi kikurekebishie. Swichi isiyo na chipu ya kukuza DDC hujumlisha kapasitansi (chaji ambayo waya hushika na kuchelewesha ishara) ya kebo mbili, na kebo moja pekee inaruhusiwa kufika pikofaradi 700, kwa hiyo kebo ndefu pande zote mbili zitakuletea EDID mbovu hata uungaji wako ukiwa safi.

5. Kabla ya kuchomeka HDMI ukumbini, weka mita kwenye volti za AC upime kati ya chuma cha kebo na chuma cha soketi. Chaja nyingi za laptopu zisizo na ethi huvujisha umeme kidogo hadi kwenye chuma, na ukigusa unahisi mtetemo. Pini za data zikitangulia kugusana kabla ya chuma, chipu ya mlango huo inaweza kufa hapohapo. Ukisoma volti nyingi, acha kebo chini, peleka laptopu na projekta kwenye ekstensheni moja yenye ethi, kisha upime tena.